Imani Yao

*Hotuba ya mchungaji mstaafu mbele ya wachungaji wenzake, wastaafu na walio kazini, pamoja na familia zao*

Bwana Yesu asifiwe.

Wazee wangu mlionitangulia kustaafu, shikamooni. Wachungaji mlio kazini, akina mama wachungaji, vijana mliokuja kutusikiliza, nawasalimu nyote kwa upendo. Nimeombwa niseme habari ya maisha baada ya kushuka mimbarini: imani imekuwaje, marafiki wamekuwaje, siku zinapitaje. Nimehubiri miaka 38, na karibu kila niliposimama mbele za watu nilikuwa na kichwa cha somo na mambo matatu ya kukumbuka. Leo sina mambo matatu. Nina neno moja dogo ambalo limeniganda tangu nistaafu, na nitalizunguka mpaka mnipe ishara ya kukaa. Neno lenyewe ni "yao".

Mnaijua habari ya Marko sura ya 2. Ni Kapernaumu, nyumba imejaa hata mlangoni hapapitiki, na watu wanne wamembeba mwenzao aliyepooza. Wakapanda juu, wakatoboa dari, wakateremsha godoro. Habari hiyo nimeihubiri mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Safari moja nilimhubiri yule mgonjwa, safari nyingine wale waandishi waliokuwa wakiwaza mioyoni mwao, safari nyingine mamlaka ya Mwana wa Adamu ya kusamehe dhambi. Neno moja nililiruka kama mtu anavyoruka kizingiti cha nyumba aliyoizoea. Marko anasema, Yesu alipoiona imani yao. Hakuandika imani yake. Mgonjwa, kwa Marko, hasemi neno hata moja tangu mwanzo wa habari hadi mwisho. Haombi, hakiri, haahidi. Hatujui hata kama alitaka kuletwa. Imani iliyoonekana ni ya wale walioshika pembe za godoro, wenye vumbi la dari vichwani na mikono iliyochubuka.

Mimi nilikuwa mshika pembe kwa miaka 38. Ndiyo kazi tuliyoitiwa, na naipenda hadi leo. Nimeshika pembe kwenye vyumba vya wagonjwa, makaburini, katika nyumba ambazo mume na mke walikuwa wamekaa kila mmoja na ukuta wake. Ila kulala juu ya godoro nikabebwa, hilo sikuwahi kujifunza. Sikujua hata kwamba ni jambo la kujifunza.

Niwaeleze siku niliyoagwa. Ibada ilikuwa nzuri, kwaya iliimba, wazee wa kanisa wakaniwekea mikono. Jioni nikarudi nyumbani, nikavua kola. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa na msumari wake nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, ili mtu akigonga usiku wa manane niivae nikiwa natembea. Usiku ule niliishika mkononi muda mrefu nisijue niiweke wapi. Kwenye msumari ilikuwa kama naendelea kudai kitu ambacho si changu tena. Kabatini ilikuwa kama naizika. Mwishowe mke wangu aliichukua mkononi mwangu bila kusema neno, akaifuta kwa kitambaa chenye maji, akaitundika kwenye msumari uleule. Ipo pale mpaka leo.

Simu nililala nayo kando ya mto kama nilivyozoea. Haikulia. Wiki ya kwanza nilisema watu wananihurumia, wananiacha nipumzike. Wiki ya tatu nikaanza kuikagua kama imeharibika. Ilichukua muda kuelewa kwamba wengi waliokuwa wakinipigia walikuwa wakimpigia mchungaji, na mchungaji yupo, amekuja mwingine, anapokea simu zake vizuri. Wala sina kinyongo na mtu. Ndivyo inavyopasa. Mstaafu anayeendelea kupokea simu za usharika anamchimbia shimo mwenzake aliyepokea kijiti, hata akijiambia kwamba anamsaidia. Hili nalisema kwa uzito, wazee wangu, maana nimeona vijana wazuri wakivunjika moyo kwa sababu ya wazee wazuri.

Katika siku zile za ukimya nilifungua Hesabu sura ya 8. Mwishoni mwa sura kuna aya ambazo hatuzihubiri, nami naamini ndiyo sheria pekee ya kustaafu katika Maandiko yote. Mlawi anaingia kazini akiwa na miaka 25, na akifika 50 anaacha. Mbona mapema hivyo? Rudini nyuma sura moja mtaona kazi yenyewe, ya kulibeba hema la kukutania safarini. Wana wa Gershoni walipewa magari 2 na ng'ombe 4. Wana wa Merari, waliochukua mbao, nguzo na vikalio vyake, walipewa magari 4 na ng'ombe 8. Wana wa Kohathi hawakupewa kitu, kwa sababu vyombo vya patakatifu vilichukuliwa mabegani. Mungu alijua bega la binadamu lina mwisho wake. Kisha inasemwa kwamba aliyefika 50 atahudumu pamoja na ndugu zake hemani, kulinda ulinzi, lakini hatafanya kazi.

Nilikaa na aya hiyo siku nyingi. Atahudumu, lakini hatafanya kazi. Kumbe kwa Mungu hayo ni mambo mawili, nami maisha yangu yote nilidhani ni moja.

Jumapili ya kwanza baada ya kuagwa sikujua nikae benchi gani. Fikirini, mtu anayejua kila ufa wa kanisa lile. Kule mbele nilijua pangemnyima raha mchungaji mpya. Nikakaa katikati, upande wa dirisha, karibu na mama mmoja mjane niliyemzikia mumewe. Mahubiri yalipoanza, moyo wangu ukaanza kusahihisha: hapo angesimama kidogo, hapo amerudia, aya hiyo si mahali pake. Nilitoka nikiwa sijala kitu mezani pa Bwana isipokuwa makosa ya mwenzangu. Ilinichukua miezi kuweza kusikiliza. Kilichonisaidia ni yule mama. Alikuwa anasikiliza kwa mikono. Kila neno lililomgusa alilifunga katika kitambaa chake, anakunja pindo, anakunja tena, na ibada ikiisha anakikunjua taratibu kwenye mapaja kama anayehesabu alichopewa. Sikumwuliza chochote. Nilijifunza kukaa kimya kando yake.

Sasa nije kwa rafiki yangu. Hapa nitakaa zaidi, mnivumilie.

Chuo cha theolojia tulilala chumba kimoja, tukasomea meza moja na taa moja. Yeye alikuwa na Kigiriki, mimi nilikuwa na sauti. Usiku alinifundisha vitenzi, alfajiri nilimfundisha nyimbo. Nilipokuja kusoma habari za mababa wa kanisa Basili Mkuu na Gregori wa Nazianzo walivyosoma pamoja Athene katika karne ya 4, na jinsi Gregori alivyosema kwamba wawili wao walijua njia mbili tu mjini, ya kwenda kanisani na ya kwenda kwa walimu, nilicheka kwa furaha. Nilituona sisi.

Lakini habari ya Basili na Gregori ina sehemu ya pili. Basili alipokuwa askofu alikuwa katika vuta nikuvute ya majimbo, akahitaji watu wake kwenye vituo. Mwaka 372 akamweka rafiki yake kuwa askofu wa Sasima, kijiji cha njia panda, pakavu, chenye vumbi na kelele za magari. Gregori aliona ametumiwa kama jiwe la kuzibia ufa. Urafiki wao haukurudi tena kuwa ule wa Athene. Basili alifariki mwaka 379, na Gregori baadaye akatoa hotuba ndefu ya kumkumbuka. Ndani yake mna upendo mkubwa ajabu, na ndani yake bado mna jeraha la Sasima. Alimsifu rafiki yake aliyekwisha kufa, na uchungu wake haukuwa umekwisha.

Na sisi tulikuwa na Sasima yetu. Nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopanga wachungaji waende vituo gani. Jina la rafiki yangu likaletwa apelekwe mahali pagumu, mbali, na mimi nilijua kuliko mtu yeyote aliyekaa kwenye meza ile kwamba mkewe alikuwa mgonjwa na alihitaji kuwa karibu na tiba. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nikatazama karatasi yangu. Nakumbuka karatasi ile, ilikuwa na doa la wino pembeni, na nililitazama doa lile mpaka mwenyekiti akasema tuendelee. Sikusema uongo, wala sikunyoosha mkono dhidi yake. Nilinyamaza. Mwaka ule jina langu nalo lilikuwa likitajwatajwa kwa nafasi fulani, na sikutaka nionekane natetea marafiki.

Alikwenda. Mkewe aliteseka. Tulikaa miaka 11 tukisalimiana kwenye mikutano ya kanisa kama watu wanaosalimiana kwenye foleni. Nilihubiri juu ya upatanisho katika miaka hiyo, tena si mara moja.

Nilipostaafu, nikiwa sina tena kamati ya kujifichia, nilikwenda kwake. Sikupiga simu kabla, kwa kuogopa angesema nisije. Alifungua mlango mwenyewe. Nikamwambia yote tukiwa bado tumesimama, mpaka na doa la wino. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Niliambiwa siku ileile kwamba hakuna aliyesema neno. Nikasubiri barua yako. Nilisubiri mwaka. Halafu nikaacha kusubiri." Akanitajia mwezi, akanitajia vitu ambavyo mkewe alishindwa kuvifanya mwaka ule, kimoja kimoja. Nilitamani akasirike, ingekuwa rahisi. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikasikiliza mpaka mwisho kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa haki yake.

Kisha akasema, "Kaa. Hujaniuliza mimi nimesema nini juu yako miaka yote hii." Tukakaa. Akaniambia. Hayakuwa mambo mepesi, na mengine yalikuwa ya uongo, akakiri kwamba alijua ni ya uongo alipokuwa akiyasema. Giza likaingia tukiwa palepale. Hakuna aliyekumbuka kuwasha taa mpaka mkewe alipokuja akatuwashia, akatutazama wote wawili, akarudi ndani.

Ninyi mlio kazini, nawaomba mnisikie. Uchungaji unaua urafiki kwa njia ambazo hazionekani. Tunahamishwa. Tunabeba siri za watu, tunazoea kufunga mdomo hata mahali palipohitaji useme. Halafu kuna vyeo. Na wengi tulifundishwa kwamba mchungaji asiwe na rafiki ndani ya usharika, asije akaonekana ana upendeleo. Naelewa hofu hiyo, lakini nadhani tulifundishwa nusu. Bwana aliwaambia wanafunzi wake katika Yohana 15 kwamba hawaiti tena watumwa, amewaita rafiki, kwa kuwa amewaarifu yote aliyoyasikia kwa Baba yake. Alisema hayo usiku wa mwisho, kwa watu ambao saa chache baadaye wangemkimbia, naye alijua. Kama Bwana mwenyewe hakuogopa kuwa na marafiki wa namna ile, sisi tunajikinga na nini?

Baada ya miezi michache nilianguka bafuni, nyonga ikavunjika.

Hospitali nilihudumiwa vizuri. Ninachotaka kusema ni cha usiku wa tatu. Nilijaribu kuomba. Maneno yalikuwapo, mtu aliyeombea watu miaka 38 hawezi kukosa maneno. Lakini yalikuwa yakitoka na kuanguka palepale kwenye shuka. Sikuona kwamba yuko anayesikia. Nikaanza zaburi, nikaimaliza, ikawa kama nimesoma orodha ya vitu vya mtu mwingine. Usiku wa nne ikawa hivyohivyo. Nilirudi nyumbani na hali ile. Mchana niliitikia maombi ya waliokuja kunitembelea, nikasema amina kwa sauti nzuri, na ndani hapakuwa na kitu.

Nilimkumbuka Yohana Mbatizaji. Yule aliyesimama mtoni akamwonyesha Mwana-Kondoo wa Mungu kwa kidole, mwishoni yuko gerezani, na anatuma watu wamwulize Yesu, "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Tunaona aibu kidogo juu ya aya hiyo. Wapo wafafanuzi wa zamani waliojitahidi kumtetea, wakasema aliuliza kwa ajili ya wanafunzi wake, si kwa ajili yake. Mimi baada ya usiku ule wa nne sioni haja ya kumtetea. Mzee wa imani aliuliza. Tazameni na jinsi alivyouliza: alikuwa amefungwa, hawezi kwenda, swali lake likabebwa na rafiki zake mpaka mbele ya Yesu. Nao wakambebea jibu wakarudi nalo. Bwana hakumkemea. Wale wajumbe walipokwisha kuondoka ndipo akawaambia makutano kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko yeye.

Rafiki yangu alikuwa ameanza kuja kila Alhamisi. Alhamisi moja nilikuwa natakiwa kwenda kliniki, mke wangu ametoka, na mimi siruhusiwi kuinama. Viatu vilikuwa sakafuni mbele yangu. Aliviona kabla sijasema. Akashika ukingo wa kitanda, akashuka goti moja, halafu la pili, naye ni mzee kama mimi, magoti yake yana habari zake. Akaingiza mguu wangu kwenye kiatu, akavuta ulimi wa kiatu ukae sawa, akafunga kamba, akauliza, "Inabana?" Nikasema hapana. Akafunga fundo la pili juu ya la kwanza, kama afanyavyo mzazi kwa mtoto anayekwenda shule. Nilikuwa natazama utosi wake, nywele nyeupe, na nilikuwa na hasira. Mnisamehe, nasema ukweli. Nilitaka kumwambia aache.

Ndipo nikamwelewa Petro alivyosema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Nilikuwa nikidhani ni unyenyekevu. Ni hofu ya kuwa mtu anayetawadhwa. Na ni Petro huyohuyo aliyeambiwa baadaye kwamba atakapokuwa mzee atainyosha mikono yake, na mwingine atamfunga na kumchukua asikotaka. Najua Yohana anaeleza kwamba neno lile lilihusu kifo atakachomtukuza Mungu kwacho. Sitaki kulipindisha. Nasema tu kwamba mzee anayefungwa kamba za viatu hulisikia kwa masikio yake.

Niliwakumbuka wagonjwa wangu wote. Nilisimama kando ya vitanda vyao na Biblia yangu, nikaomba vizuri, nikatazama saa. Sikujua kwamba aliyelala pale alikuwa akifanya kazi ngumu kuliko yangu, kazi ya kukubali.

Njiani kwenda kliniki nilimwambia rafiki yangu habari ya maombi. Sikumpamba. Nikasema, "Nimeshindwa kuomba. Ni wiki ya tano." Nilimtegemea anipe aya, maana ndivyo mimi ningefanya. Alitembea kimya. Halafu akasema, "Basi zamu yako nitaishika mimi. Wewe pumzika." Hakuongeza neno.

Jioni ile simu yangu ililia. "Nimeshasali," akasema, akakata. Kesho yake, saa ileile: "Nimeshasali." Ikawa hivyo kila siku kwa muda wa miezi miwili. Siku nyingine sikujibu hata kitu, nilisikiliza neno lake moja nikaiweka simu. Sijui alikuwa akisali nini. Najua tu kwamba yalikuwa maombi yangu, na mdomo ulikuwa wake.

Imani haikurudi kwa nuru wala kwa sauti. Asubuhi moja nilikuwa nanawa uso, maji yalikuwa ya baridi na mazuri, nikasikia nimeshasema asante kabla sijafikiri namwambia nani. Nilishika ukingo wa beseni nikasimama pale. Jioni simu ilipolia nikamtangulia. Nikasema, "Leo tumesali wawili."

Kuna jambo jingine ambalo bila kustaafu nisingelijua, nalo linaninyenyekeza hata sasa. Nilipokuwa nimelala nyumbani, kila Jumanne mchana walikuja akina mama watatu kukaa na mke wangu jikoni. Niliwajua kwa miaka mingi kama wanakwaya. Nikauliza, kwani Jumanne kuna nini? Mke wangu akanitazama kwa mshangao. Akasema wamekuwa wakikutana kila Jumanne kwa miaka 26. Kila kituo nilichohudumu katika miaka hiyo kilikuwa karibu vya kutosha wao kumfikia. Mtoto wetu wa pili alipougua sana, nami nikiwa mkutanoni, ni hao waliokesha kwa zamu, mmoja ameshika mtoto, mmoja ameshika mama yake, mmoja amepiga magoti. Mimi nilirudi siku ya tatu, nikaambiwa mtoto amepona, nikamshukuru Mungu kanisani Jumapili kwa maneno mengi. Sikuwataja, maana sikuwajua. Nyumba yangu ilikuwa imebebwa miaka 26 na watu waliopita mlango wa jikoni.

Nimewashukuru sasa, kwa kuchelewa. Mmoja wao alisema tu, "Baba mchungaji, ulikuwa na kazi." Nimelichukua neno hilo kama msamaha, ingawa linauma.

Siku zangu sasa ni za kawaida. Nimejifunza sahani zinakaa wapi. Asubuhi naomba kwa majina, si kwa sentensi. Nina daftari langu la zamani la mazishi, naita majina kumi kila siku, na nikifika mwisho naanza tena. Wakati mwingine usingizi unanichukua katikati ya jina. Zamani ningejilaumu. Sasa nakumbuka Eliya chini ya mretemu, alivyoomba afe, na malaika hakumpa hotuba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Namalizia kwa barua ya Paulo, ile ya pili kwa Timotheo, sura ya 4. Aya za ushindi mnazijua, vita vizuri na mwendo uliomalizwa, tumezisoma kwenye mazishi mengi. Mimi nawaomba mwendelee kusoma baada ya hapo, mahali tunapofunga Biblia. Mtume amekaa gerezani. Dema amemwacha. Kreske amekwenda Galatia, Tito Dalmatia. "Luka peke yake yupo hapa pamoja nami." Anaomba joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Na anasema, umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi. Huyo ndiye Marko aliyekuwa chanzo cha yeye na Barnaba kushindana mpaka wakatengana, katika Matendo 15. Sasa anamtaka aje. Hakuna panapoelezwa walivyopatana. Kuna jina lake tu, katika orodha ya vitu ambavyo mzee anavihitaji, pamoja na joho.

Halafu anaandika, "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi."

Mtu aliyepanda makanisa kutoka mji hadi mji anasema, njoo, nasikia baridi. Mimi sentensi ya namna hiyo sikuwahi kuiandika kwa mtu yeyote katika miaka 38. Niliandika "nitakuja", niliandika "nitapita kuwaona". Rafiki yangu alianza kuja mwenyewe, sikumwita.

Mwezi uliopita mkewe alilazwa, akakosa Alhamisi mbili. Alhamisi ya tatu nilichukua simu, nikaishika muda, nikampigia. Nikasema, "Mama akitoka hospitali, njoo. Nakuhitaji." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hilo neno umelipata wapi?" Nikamwambia, kwa Paulo.

Mama alitoka Jumatatu. Alhamisi walikuja wote wawili.

Asanteni kwa kunisikiliza.